Rekodi Zimepotea, Lakini CRB Inasema Unadaiwa: Hivi Ndivyo Unavyopinga

"Rekodi za zamani hatuna, tulibadilisha mfumo. Lakini mfumo unaonyesha unadaiwa."

Soma maneno hayo tena polepole. Mtu anakwambia hajui ulilipa nini, na papo hapo anakwambia anajua hukulipa. Ukiyasikia kwenye simu, una haraka na salio linaisha, unaweza kudhani mambo yamekwisha na huna la kufanya. Kumbe unalo. Leo tuzungumzie jambo ambalo wateja wengi hugundua siku mbaya kabisa, yaani siku wanapoomba mkopo: deni limeandikwa kwenye ripoti ya CRB, wewe unajua ulilipa, na hakuna mwenye karatasi. Si wewe, si wao.

Tuchukue mfano. Dada anauza samaki karibu na soko la Jubilee, Kisumu. Novemba 2021 alichukua mkopo wa simu wa shilingi 8,000, arudishe 8,900. Alilipa mara tatu: 3,000, kisha 3,000, kisha 2,900 mwezi wa Januari 2022. Baadaye simu ikaibwa kwenye matatu, akanunua nyingine, akarudisha laini, maisha yakaendelea. Sasa anataka mkopo wa SACCO anunue friza, kwa sababu samaki wa jioni akilala bila barafu ni hasara. SACCO wanaangalia CRB: anadaiwa 5,140, amechelewa zaidi ya siku 90. Friza imekwama hapo.

Afanye nini?

Anza na ripoti, simu baadaye

Kosa la kwanza ni kumpigia mkopeshaji kabla ya kuona kilichoandikwa. Utabishana na mtu wa huduma kwa wateja kuhusu kitu ambacho hujakisoma. Chukua ripoti yako kwanza. Kenya ina CRB tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Tumia tovuti au programu zao rasmi. Hao wa Facebook wanaoahidi "kukutoa CRB leo leo kwa elfu mbili" hawawezi kufuta chochote. Watachukua elfu mbili zako na nakala ya kitambulisho chako, na hiyo nakala ndiyo hasara kubwa zaidi.

Ripoti ikifika, usiangalie alama tu. Tafuta jina la aliyepeleka taarifa, namba ya akaunti ya mkopo, tarehe mkopo ulipofunguliwa, kiasi cha awali, kiasi kinachodaiwa, na tarehe ya malipo ya mwisho kama ipo. Linganisha na unachokumbuka. Wakati mwingine jibu liko hapo hapo: namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja, au mkopo ulifunguliwa mwaka ambao hata laini hukuwa nayo. Angalia pia kiasi. Chini ya Kanuni za CRB za mwaka 2020, deni lisilozidi shilingi 1,000 halifai kupelekwa CRB kama taarifa mbaya. Kama umewekwa kwa ajili ya shilingi 640, barua yako itakuwa fupi sana.

Dada yetu akisoma anaona kitu. Malipo mawili ya kwanza yapo. La tatu, lile la 2,900, halipo. Hizo 2,240 za juu ni faini iliyoongezeka. Sasa hapingi "CRB" kwa ujumla, anapinga malipo mamoja ya mwezi mmoja. Ugomvi ukishakuwa mdogo hivyo, unaweza kushinda.

Simu iliibwa, rekodi haikuibwa

Watu wengi wanaamini ujumbe wa muamala ukifutika na ushahidi umekwenda nao. Ule ujumbe ni nakala tu. Muamala wenyewe uko kwenye kumbukumbu za kampuni iliyohamisha pesa, umefungwa kwenye namba yako na kitambulisho chako, wala haujali ulikuwa na simu gani. Sheria ya Kenya ya kuzuia utakatishaji wa pesa haramu inazitaka taasisi za fedha kuhifadhi rekodi za miamala kwa angalau miaka 7. Malipo ya Januari 2022 kwa hiyo yanapaswa kupatikana hadi Januari 2029. Na hapa tunajisemea hata sisi: ukija kuomba taarifa ya miamala ya miaka iliyopita, usikubali kuambiwa "ni ya zamani sana" kabla ya mtu kuitafuta.

Ukiomba, taja kipindi. "Kuanzia tarehe 1 Novemba 2021 hadi tarehe 28 Februari 2022, miamala yote ya kutoka" inajibika haraka kuliko "rekodi zangu zote". Kama laini uliyolipia haiko tena mikononi mwako, kwa mfano ilikaa muda mrefu bila kutumika na sasa ni ya mtu mwingine, nenda kituo cha huduma na kitambulisho chako halisi, na abstrakti ya polisi kama simu iliibwa. Wewe ndiye uliyesajiliwa wakati huo.

Sasa dada yetu anapata taarifa yake na anaona 2,900 zilitoka, tarehe iko, na namba ya muamala ipo. Lakini angalia namba ya akaunti aliyoandika kwenye paybill: tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Pesa zilifika kwa mkopeshaji, hazikufika kwenye mkopo wake. Hili hutokea kuliko unavyodhani! Mkopeshaji anazo kwenye kapu la malipo yasiyojulikana ni ya nani, na wakati huo huo anakutoza faini kwa kutolipa. Namba ya muamala ndiyo inayoweza kuzitafuta humo. Bila hiyo hawataziona hata wakitaka.

Kama hukulipa kwa simu, tafuta kwingine. Stetimenti ya benki. Pesilipu, kama mkopo ulikuwa unakatwa kwenye mshahara. Hii inawahusu hasa wa HELB na wa mikopo ya SACCO, kwa sababu kuna waajiri wanaokata na kuchelewa kuwasilisha, au hawawasilishi kabisa. Pesilipu inayoonyesha makato ni ushahidi kwamba pesa ilitoka kwako, na ugomvi unahamia kati ya mwajiri na mkopeshaji. Kwa mikopo ya vikundi, usidharau kitabu cha mweka hazina. Kile kitabu cha mistari chenye sahihi na wino uliochujuka ni rekodi iliyoandikwa siku ile ile, mbele ya watu. Piga picha kurasa zake, na umwombe mweka hazina aandike barua fupi atie sahihi.

Kuna ushahidi mmoja ambao watu husahau: mkopo uliofuata. Je, mkopeshaji huyo huyo alikupa mkopo mwingine baada ya ule anaosema hukulipa? Kama kanuni zake wakati huo zilikuwa humalizi wa kwanza hupati wa pili, basi kukupa wa pili ni yeye mwenyewe kukubali kwamba wa kwanza uliisha. Hauthibitishi kila kitu. Lakini uweke kwenye barua, watalazimika kuujibu. Ripoti ya zamani ya CRB, au cheti cha CRB ulichowahi kupewa ulipokuwa unatafuta kazi, nacho kinasaidia. Kama kilitolewa baada ya tarehe ya deni na kilikuwa safi, uliza deni limetoka wapi.

Wao nao waonyeshe zao

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Unadhani mzigo wote ni wako: hujaonyesha risiti, basi unadaiwa. Sivyo. Aliyepeleka jina lako CRB ndiye aliyesema jambo kukuhusu, naye anatakiwa aweze kulisimamia. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kurekebishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au inayopotosha inayokuathiri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 40, inakupa haki ya kuomba taarifa isiyo sahihi, iliyopitwa na wakati, isiyokamilika au inayopotosha irekebishwe. Angalia hilo neno "isiyokamilika". Rekodi inayoonyesha deni bila mtiririko wa malipo ni rekodi isiyokamilika, hata kama kila tarakimu iliyobaki ni sahihi.

Kwa hiyo andika barua mbili. Moja kwa CRB, kusema unapinga taarifa hiyo. CRB ikishapokea pingamizi lako kwa maandishi, inatakiwa kuweka alama kwenye ripoti kwamba taarifa hiyo ina mgogoro, na kuipeleka kwa mkopeshaji aichunguze. Hiyo alama pekee ina faida: SACCO wakiangalia tena watajua kuna swali halijajibiwa. Barua ya pili impelekee mkopeshaji mwenyewe, ukiomba taarifa zote alizonazo kukuhusu. Kanuni za jumla za kulinda data za mwaka 2021 zinampa siku 7 kukuonyesha taarifa zako, na siku 14 kushughulikia ombi la marekebisho. Barua pepe inatosha na ni bora kuliko kwenda ofisini, kwa sababu ina tarehe.

Kiswahili kinaruhusiwa, kwa njia. Ni lugha rasmi ya Jamhuri, si ya kuombea msaada tu. Dada yetu angeweza kuandika hivi:

*"Ninapinga taarifa iliyo kwenye ripoti yangu ya mikopo inayosema nina deni la shilingi 5,140 kwenye mkopo wa Novemba 2021. Nililipa mkopo huo mara tatu, na malipo ya mwisho ya shilingi 2,900 niliyafanya Januari 2022. Nimeambatanisha taarifa ya miamala. Malipo hayo hayaonekani kwenye rekodi yenu. Naomba mnipe: mkataba wa mkopo au kumbukumbu ya kukubali kwangu masharti, namba ambayo pesa za mkopo zilitumwa na tarehe yake, orodha ya malipo yote mliyopokea, hesabu ya riba na faini iliyofikisha kiasi hicho, na nakala ya notisi mliyonitumia kabla ya kupeleka jina langu CRB. Kama hamwezi kuthibitisha taarifa hii, naomba irekebishwe au ifutwe, na nijulishwe kwa maandishi. Barua hii si kukubali deni."*

Kila ombi hapo lina kazi yake. Namba ambayo pesa zilitumwa inaonyesha kama mkopo ulichukuliwa na wewe kweli au na mtu mwenye picha ya kitambulisho chako. Orodha ya malipo ndiyo inayovunja lile jibu la "mfumo unaonyesha". Kuhusu notisi, mkopeshaji anatakiwa kukujulisha siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Kama hana notisi, hakufuata utaratibu, hata kama deni lilikuwapo. Na hesabu ya riba ni muhimu kwa mikopo ya benki, kwa sababu kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinaweka kikomo: mkopo ukishaharibika, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ulipoharibika. Deni la 8,000 lililogeuka 31,000 lina maswali ya kujibu.

Wakikupigia badala ya kuandika, sikiliza, kisha utume barua pepe siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, umeniambia hamna orodha ya malipo ya mwaka 2022." Watu wengi wakiona maneno yao yameandikwa hivyo huanza kutafuta faili kwa bidii mpya.

Usilipe ili yaishe

Najua. Ni 5,140 tu, friza ina faida kuliko hiyo kwa wiki chache, na wewe si mwanasheria. Shida ni kwamba kulipa hakufuti. Ukilipa, ripoti inabadilika kutoka "anadaiwa" kuwa "alilipa kwa kuchelewa", na historia hiyo ya kushindwa kulipa hukaa miaka 5 kuanzia siku uliyolipa. Umenunua miaka mitano ya doa kwa deni ambalo si lako. Ukipinga ukashinda, taarifa inarekebishwa kama vile haikupaswa kuwepo, kwa sababu kweli haikupaswa.

Kuna sababu nyingine kwa madeni ya zamani. Sheria ya ukomo wa mashtaka Kenya inampa mtu miaka 6 kudai deni la mkataba mahakamani. Ukilipa hata shilingi 200 za "kuonyesha nia njema", au ukaandika "nakubali, nipeni muda", miaka hiyo inaweza kuanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana ya ule mstari wa mwisho wa barua. Elewa pia upande wa pili: deni kupita muda wa kushtakiwa hakufanyi jina litoke CRB lenyewe. Ni mambo mawili tofauti.

Na tuseme ukweli hapa. Haya yote ni ya mtu aliyelipa, au asiyejua kwa dhati kama alilipa, au ambaye hakuchukua mkopo kabisa. Kama wakikuletea mkataba, namba yako iliyopokea pesa, na malipo yaliyokatika mwezi wa pili, na taarifa yako ya miamala inasema hivyo hivyo, basi rekodi zimepatikana na zinasema unadaiwa. Hapo zungumzia kiasi, omba faini ipunguzwe, lipa, na uchukue barua ya kumaliza mkopo kabla hujaondoka.

Kama mkopeshaji amefunga au amebadilika jina

Benki haifi na rekodi zake. NIC na CBA ziliungana mwaka 2019 zikawa NCBA, na mkopo wa zamani wa CBA unaulizwa huko. Chase Bank iliwekwa chini ya mrasimu Aprili 2016, na sehemu kubwa ya mali na amana zake ikahamia SBM Bank Kenya mwaka 2018. Kwa benki zilizowekwa chini ya urasimu, swali lako linaweza pia kwenda kwa Shirika la Bima ya Amana, KDIC.

Programu za mikopo ni kichwa kingine. Nyingi zilikuja na zikapotea kwenye simu zetu bila kuaga. Kumbuka tarehe moja: 14 Aprili 2020. Siku hiyo Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa mtandaoni wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka taarifa CRB. Kanuni za kuwapa leseni zilikuja Machi 2022, na wa kwanza walipata leseni Septemba mwaka huo. Kama taarifa mbaya kukuhusu iliwasilishwa katikati ya tarehe hizo na mkopeshaji wa aina hiyo, andika swali hili kwa CRB: aliiwasilisha kwa ruhusa gani? Na kama ofisi haipo na barua pepe inarudi, andikia CRB hivyo hivyo, uambatanishe hiyo barua pepe iliyorudi. CRB ndiyo inayoonyesha taarifa hiyo kwa watu, na mtu wa kuithibitisha akikosekana, hilo ni tatizo lake kwanza kabla ya kuwa lako.

Mara nyingine anatokea mtu anayesema amenunua deni. Mwombe hati ya kuhamishiwa deni. Kelele na vitisho vya kumpigia mama yako si hati.

Wakikaa kimya

Hesabu siku zako kuanzia tarehe ya barua pepe, usihesabu kuanzia siku ulipokasirika. Zikipita, una milango miwili. Kwa benki na wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, peleka malalamiko Benki Kuu. Kwa taarifa isiyo sahihi au ombi lililopuuzwa, peleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ile inayojulikana kama ODPC. Sheria inaitaka ichunguze na kumaliza lalamiko ndani ya siku 90. Ambatanisha kila kitu kwa mpangilio wa tarehe: ripoti, taarifa ya miamala, barua zako, majibu yao, na hata kimya chao, yaani barua ambayo haikujibiwa.

Siku 90 ni nyingi kwa mtu anayesubiri friza. Kwa hiyo usingoje mwisho ndipo uzungumze na SACCO. Mpelekee afisa wa mikopo nakala ya pingamizi na taarifa ya miamala sasa hivi. Hana wajibu wa kukubali, lakini kamati za mikopo ni watu, na mwanachama aliyekuja na faili lenye tarehe si sawa na aliyekuja na hadithi.

Marekebisho yakifanyika, omba ripoti mpya kutoka CRB zote tatu, usiridhike na ile moja uliyoiandikia. Mkopeshaji anaweza kurekebisha kwa moja akasahau nyingine, halafu miezi sita baadaye benki inaangalia ile iliyosahaulika. Chukua pia cheti cha CRB. Cha kwanza hutolewa bure. Na kama moja kati ya hizo tatu bado ina lile deni la 5,140, una barua tayari. Badilisha jina la anayeandikiwa na tarehe, ambatanisha majibu ya mkopeshaji, tuma.